JINA LA CHAI: OTTO KUNTZE NA KANUNI ZA KUITA MIMEA

1. Utangulizi

Katika nyanda za juu za Kericho na Bomet, mkulima akisema kwamba anakwenda kuchuma majani, hakuna amwulizaye ni majani ya mmea gani. Neno hilo moja, ambalo mahali pengine lingehitaji maelezo, huko limekwisha kupata maana yake kamili: ni majani mawili na kichipukizi, yanayotiwa kikapuni na kupelekwa mzanini. Lakini mmea huohuo ukiandikwa katika daftari la mtaalamu wa botania huitwa Camellia sinensis (L.) Kuntze. Aghalabu msomaji wa lugha huliruka neno la mwisho katika jina hilo, akidhani ni pambo la wanasayansi. Kwa hakika si pambo. Ni jina la mtu, Mjerumani aliyeitwa Otto Kuntze, ambaye katika historia ya uainishaji wa mimea anakumbukwa zaidi kwa ugomvi kuliko kwa chai.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi ya mtaalamu huyo, na kuonyesha kwamba ugomvi alioanzisha haukuwa wa wanabotania peke yao. Swali lililokuwa mbele yao ndilo linalowakabili wanaistilahi wa Kiswahili hadi leo: panapokuwa na majina mawili au matatu ya kitu kimoja, ni lipi lenye haki? Je, ni lile lililotangulia, au ni lile lililozoeleka?

2. Maisha ya Otto Kuntze

Otto Kuntze alizaliwa Leipzig mwaka 1843. Mwanzoni alifanya kazi ya ufamasia, na mwaka 1867, akiwa bado kijana, alitoa kitabu kidogo juu ya mimea ya mji wake. Kuanzia 1868 hadi 1873 alikuwa na kiwanda chake mwenyewe cha kutengeneza mafuta yenye manukato. Kiwanda hicho kilimpatia mali ya kutosha, hata ikawa hakuhitaji tena mshahara wa mtu. Jambo hili si dogo, kwa sababu lilimwezesha baadaye kusema alilotaka bila ya kuhofia chuo wala mwajiri.

Mwaka 1874 alianza safari ya kuizunguka dunia iliyomchukua hadi 1876. Alipita visiwa vya Karibi, Marekani, Japani, China, Asia ya Kusini-Mashariki, Bara Arabu na Misri, akikusanya mimea kila alipofika. Habari za safari hiyo alizichapisha mwaka 1881 katika kitabu Um die Erde, maana yake "Kuizunguka Dunia". Aliporejea alisoma sayansi Berlin na Leipzig, akapata shahada ya udaktari huko Freiburg kwa utafiti juu ya jenasi ya Cinchona, yaani miti ambayo magome yake hutoa kwinini. Mikusanyo yake, iliyofikia vielelezo vipatavyo 7,700, aliishughulikia Berlin na katika bustani ya Kew karibu na London.

Baadaye alisafiri tena: mwaka 1886 alikwenda sehemu za mashariki za dola ya Urusi, kisha Visiwa vya Kanari, Amerika ya Kusini, na mwaka 1894 kusini mwa Afrika. Alifariki San Remo, Italia, mwaka 1907. Wakati huo Kericho haikuwa bado nchi ya chai. Makampuni makubwa yalianza kufungua mashamba huko katika miaka ya 1920, miaka ipatayo ishirini baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtu ambaye jina lake limeambatana na kila mchai wa Kericho hakuiona chai ya Kericho.

3. Sarufi ya jina la kisayansi

Kabla ya kueleza namna jina la Kuntze lilivyofika katika chai, yafaa kueleza muundo wa jina lenyewe. Jina la kisayansi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jina la jenasi, nalo ni nomino. Ya pili ni sifa ya spishi, nayo mara nyingi ni kivumishi kinachofuata nomino hiyo na kupatana nayo kisarufi. Mwalimu wa Kiswahili hataona ugeni wowote hapa. Kama vile "mtoto mdogo" anavyogeuka kuwa "kitoto kidogo" nomino inapohamishwa ngeli, ndivyo na sifa ya spishi inavyobadilisha mwisho wake mmea unapohamishwa jenasi.

Mfano mzuri unapatikana katika misitu ya Kericho na Bomet yenyewe. Upo mti mkubwa ambao Wakipsigis huuita tenduet. Mwaka 1864 mti huu ulipewa jina la Pygeum africanum. Mwaka 1965 mtaalamu Kalkman aliuhamishia katika jenasi ya Prunus, na jina likawa Prunus africana. Kiambishi -um kimekuwa -a, maana Pygeum ni nomino ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, ilhali Prunus ni ya kike. Tena Prunus ina umbo la nomino za kiume, lakini hupatanishwa kama nomino ya kike, kwa kuwa katika Kilatini majina ya miti huchukuliwa hivyo. Kiswahili nacho kina jambo linalofanana na hili: husemwa "kiongozi mwema", wala haisemwi "kiongozi chema", ingawa umbo la neno ni la ngeli ya KI-VI.

Baada ya nomino na sifa yake huja majina ya waandishi. Herufi L. iliyomo katika mabano ni ufupisho wa Linnaeus, Mswidi aliyeuita mmea huu kwanza. Kuntze, aliye nje ya mabano, ni yule aliyeihamisha sifa ile kutoka jenasi moja hadi nyingine. Kwa maneno mengine, mabano hayo ni nasaba: yanataja aliyelizaa jina na aliyelihamisha.

4. Kutoka Thea hadi Camellia

Katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753 Linnaeus aliuita mchai Thea sinensis, yaani "chai ya China". Jina Thea limetokana na tamko te la pwani ya kusini mwa China, lililochukuliwa na mabaharia wa Ulaya. Neno la Kiswahili chai lina asili hiyohiyo ya Kichina kupitia tamko jingine, cha, lililoenea kwa njia ya nchi kavu na kwa lugha za biashara za Bahari ya Hindi, ambamo Kiajemi kilikuwa na mchango mkubwa. Kwa hiyo Thea na chai ni ndugu wawili waliopita njia mbalimbali.

Katika kitabu hichohicho Linnaeus aliweka jenasi nyingine, Camellia, kwa heshima ya Kamel, bruda Mjesuiti aliyechunguza mimea huko Ufilipino. Jenasi hiyo ilikuwa ya maua ya mapambo ya Japani. Mwaka 1762, katika toleo la pili, Linnaeus alifanya jambo jingine: aliigawa chai katika spishi mbili, Thea bohea na Thea viridis, akifuata mgawanyo wa sokoni wa chai nyeusi na chai ya kijani. Hapo alikosea. Katika miaka ya 1840 Mskoti Robert Fortune, aliyesafiri ndani ya China, alithibitisha kwamba chai zote mbili hutoka katika mmea mmoja, na kwamba tofauti yake ni namna ya kuyatengeneza majani baada ya kuchumwa. Mfanyakazi yeyote wa kiwanda cha chai cha Litein au Kapkoros anaweza kulieleza jambo hilo. Linnaeus aliyafuata mazoea ya wafanyabiashara, na mazoea hayo yalimpoteza.

Mwaka 1818 Mwingereza Robert Sweet alizichanganya jenasi mbili, Thea na Camellia, kuwa moja, akachagua jina Camellia. Mwaka 1887, katika taarifa za Bustani ya Mimea ya St. Petersburg, Kuntze aliiweka sifa ya Linnaeus, sinensis, chini ya jenasi hiyo, na jina Camellia sinensis likapatikana. Hapa Kuntze hakubuni neno hata moja. Nomino ilikuwapo na sifa ilikuwapo, na kazi yake ilikuwa kuziunganisha kwa mujibu wa kanuni.

Juzuu mbili za kitabu cha Linnaeus zilitoka katika miezi miwili tofauti ya mwaka 1753: Thea mwezi wa Mei, Camellia mwezi wa Agosti. Lau utangulizi ungehesabiwa kwa miezi, Thea ingeshinda. Lakini kanuni za kimataifa zimekubaliana kuzihesabu juzuu zote mbili kuwa zilitoka siku moja, na kumwachia yule wa kwanza kuziunganisha jenasi, yaani Sweet, haki ya kuchagua. Makubaliano ndiyo yaliyoipa chai jina lake.

5. Kitabu kilicholeta ugomvi

Mwaka 1891 Kuntze alitoa sehemu za kwanza za kitabu chake kikubwa, Revisio Generum Plantarum, na sehemu nyingine zikafuata 1893 na 1898. Tangu 1867 wanabotania walikuwa na sheria zilizokubaliwa Paris kwa uongozi wa Alphonse de Candolle, na nguzo yake kuu ilikuwa kwamba jina lililotangulia ndilo halali. Wengi waliikubali nguzo hiyo kwa midomo, lakini kazini waliendelea kutumia majina waliyoyazoea. Kuntze aliishika sheria kwa neno lake. Alipekua vitabu vya zamani, akarudi nyuma hadi 1735 kwa majina ya jenasi, na popote alipokuta jina lililotangulia alilirejesha na kulifuta lililozoeleka. Jenasi zaidi ya 1,000 na spishi zipatazo 30,000 zilipewa majina mapya kwa mkupuo mmoja.

Wanabotania walishtuka. Wengine walikikataa kitabu wazi, wengine walikinyamazia kama kwamba hakikuandikwa. Hata hivyo haikuwa rahisi kumjibu, kwa maana Kuntze alikuwa akitumia sheria waliyoitunga wao wenyewe. Ilidhihirika kwamba kosa lilikuwa katika sheria. Mwaka 1897 wataalamu wa Berlin, wakiongozwa na Adolf Engler, walijiwekea kanuni kwamba jina ambalo halikutumiwa kwa kawaida katika miaka 50 baada ya kuchapishwa liachwe. Hatimaye mkutano wa kimataifa wa Vienna wa mwaka 1905 ulipitisha mambo mawili makubwa. La kwanza, mwaka 1753 uliwekwa kuwa mwanzo wa hesabu ya majina ya mimea yenye maua, na majina yaliyotangulia mwaka huo hayakuhesabiwa. La pili, iliandaliwa orodha ya mamia ya majina ya jenasi yaliyohifadhiwa, ambayo hayawezi kuondolewa hata likipatikana jina la zamani zaidi.

Orodha hiyo ndiyo matunda ya ugomvi wa Kuntze, ingawa yeye mwenyewe hakuipenda. Majina mengi aliyoyarejesha yamebaki visawe visivyotumika. Lakini Camellia sinensis, aliloliunga kimyakimya miaka minne kabla ya Revisio, limesimama. Halikusimama kwa siku moja. Waandishi wengi wa kilimo waliendelea kuandika Thea hadi ndani ya karne ya ishirini, na uchunguzi wa Sealy juu ya jenasi ya Camellia, uliotolewa 1958, ulisaidia kuliimarisha.

6. Majina katika nchi ya chai

Mtu aweza kuuliza ugomvi wa Berlin na Vienna wamhusu nini mkulima wa Bomet. Unamhusu kwa njia tatu.

Kwanza, mkulima hununua jina kabla ya kununua mche. Kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, Kericho, kilichoanza mwaka 1951 kikiwa taasisi ya Afrika Mashariki nzima na baadaye kikawa cha Kenya, kimetoa kloni nyingi zinazojulikana kwa namba. TRFK 6/8 na TRFK 31/8 ni za siku nyingi. TRFK 306, yenye majani ya rangi ya zambarau, ni ya baadaye. Kwa mwanabotania zote hizi ni spishi moja, Camellia sinensis, na jina lake halitofautishi baina yao. Kwa mkulima tofauti hiyo ndiyo riziki, maana mchai hudumu shambani miongo mingi, na aliyepanda namba asiyoikusudia atavuna kosa hilo maisha yake yote. Kwa hiyo jina la kisayansi, pamoja na usahihi wake, halitoshi kwa kila haja.

Pili, biashara haingoji wataalamu. Magome ya tenduet huuzwa ng'ambo kwa ajili ya dawa, na mti huo umewekwa tangu 1995 chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mkataba huuita Prunus africana, lakini katika maduka ya dawa bidhaa yake bado huitwa pygeum, jina ambalo botania ililiacha 1965. Asiyejua kwamba majina hayo mawili ni ya mti mmoja hawezi kuulinda.

Tatu, majina ya wenyeji mara nyingi hudumu kuliko ya kitaalamu. Wakipsigis husafishia vibuyu vya maziwa ya mursik kwa makaa ya mmea uitwao senetwet. Mwaka 1839 Mjerumani Fresenius aliuita Cassia didymobotrya. Mwaka 1982 Irwin na Barneby waliuhamishia katika jenasi ya Senna. Katika muda huo wote mama wa Kikipsigis ameuita senetwet. Lakini jina kama hili laweza kufa bila ya kufutwa na mtu. Panapofyekwa kichaka ili kupanda chai, mtoto hauoni tena mmea, na asichokiona hana haja ya kukiita. Kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili aliyoitoa Greenway akiwa Amani mwaka 1937, na kitabu cha miti ya Kenya alichokitoa pamoja na Dale mwaka 1961, vimeokoa majina mengi. Hata hivyo orodha pekee haioneshi sarufi. Msomaji asiyejua kwamba -et ya senetwet na tenduet ni kiambishi cha Kikalenjin atadhani ni sehemu ya mzizi. Hapo ndipo kazi za wanaisimu wa lugha hizo, kama uchunguzi wa Kikalenjin alioutoa Taaitta Toweett mwaka 1979, zinapohitajika kando ya vitabu vya botania.

7. Kiswahili nacho

Kiswahili kina mbinu zake cha kuita mimea, na si sharti zifuate za Linnaeus. Nyasi yenye harufu nzuri inayotiwa katika chai huitwa mchaichai. Neno limeundwa kwa kurudufisha mzizi, na maana yake ni kwamba mmea huo hutumiwa kama chai. Mwanabotania atasema kwamba mchaichai ni wa jamii ya manyasi na hauna udugu wowote na mchai. Ni kweli, lakini Kiswahili hakikudai udugu. Kilidai mfanano wa matumizi. Kuliita neno hilo kosa ni kuipima lugha kwa kipimo kisicho chake.

Tatizo huja pale istilahi zinapotungwa rasmi. Chombo kimoja kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Na kila jina lina watetezi wenye hoja za kuridhisha. Mwenye kutetea tarakilishi huonyesha uzuri wa muundo wake, naye ana haki. Lakini Kuntze pia alikuwa na haki kwa mujibu wa sheria, na haki hiyo haikumsaidia, kwa kuwa hakuyahesabu mazoea ya wasemaji kuwa ni hoja. Kwa upande mwingine, anayesema kwamba soko ndilo liamue kila kitu yampasa akumbuke Linnaeus na chai yake mbili. Soko lilisema mimea ni miwili, na ilikuwa mmoja.

8. Hitimisho

Wanabotania walitoka katika ugomvi wao kwa kukubali mambo mawili kwa pamoja: kanuni inayoongoza majina yote, na orodha ya majina yaliyokwisha kuota mizizi ambayo kanuni haitayagusa. Vyombo vya Kiswahili vimefanya kazi kubwa katika sehemu ya kwanza. BAKITA tangu 1967, na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliyotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, zimetupa misingi ya kuundia istilahi. Sehemu ya pili bado ni haba. Inahitajika orodha ya maneno ambayo wakulima, wavuvi, mafundi na wauguzi wanayatumia tayari, ikusanywe mashambani na viwandani kabla ya kikao cha kuunda maneno mapya kuitishwa.

Kazi hiyo yaweza kuanzia popote, na nchi ya chai yafaa kwa mwanzo. Mwanafunzi wa lugha akienda Mogogosiek na daftari lake atakuta kwamba majani ni zao, kwamba chai ni mmea na kinywaji na, kwa kejeli, rushwa, na kwamba mchai wa kamusi husikika kwa nadra. Asiwasahihishe wasemaji kabla ya kuwaandika. Kuntze alisahihisha majina elfu thelathini. Lile lililobaki midomoni mwa watu ni lile ambalo aliunganisha tu maneno mawili aliyoyakuta.